Baba Asiyekuwemo Kitabuni

Barua ya kiwanda ilikuwa fupi, nayo ilikuwa imepigwa mhuri mara mbili. Ilieleza kwamba mtu aliyetajwa katika amri ya mahakama aliacha kazi kwa hiari yake miezi kumi na minne iliyopita, kwamba alilipwa haki zake zote, na kwamba kiwanda hakikujua aliko. Hakimu aliisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kisha akaiweka juu ya jalada na kumtazama mwanamke aliyesimama mbele yake.

"Mama, umesikia."

"Nimesikia, mheshimiwa. Lakini jana saa kumi na moja jioni nilimwona akitoka kazini."

"Ulimwona akitoka kazini, au ulimwona akipita barabarani?"

"Alitoka getini pamoja na wenzake. Alikuwa na unga hadi kwenye kope. Akasimama, akapangusa viatu kwa kitambaa, cha kulia kwanza, halafu cha kushoto. Nimeishi naye miaka saba, mheshimiwa. Sijaona mwanamume mwingine anayetoka kusaga nafaka akakumbuka viatu."

Karani wa mahakama alificha kicheko nyuma ya faili. Hakimu hakucheka.

Mwanamke huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mtoto aliyemfikisha hapo alikuwa binti yake wa miaka kumi. Miaka miwili nyuma binti huyo aliugua koo, maradhi ambayo watoto wengi huyapata na kupona, lakini kwake yaliteremka hadi moyoni yakaiharibu vali moja. Daktari alisema mambo mawili, akayarudia ili yasisahaulike: sindano kila baada ya wiki nne pasipo kukosa, hadi mtoto awe mtu mzima, na kipimo cha moyo kila nusu mwaka. Sindano yenyewe haikuwa ghali. Kilichoumiza ni nauli ya kwenda hospitali kuu na kurudi, ada ya kipimo, na siku nzima ya kazi iliyopotea kwa mtu ambaye siku asiyoshona ni siku asiyokula. Ndiyo sababu mahakama iliamuru baba akatwe kiasi fulani kila mwezi kabla mshahara haujafika mkononi mwake. Fedha hizo zilikuja miezi miwili, kisha zikakoma kabisa. Binti alikosa kipimo mara mbili. Sasa alikuwa amekosa na sindano miezi miwili mfululizo, na ilipofika jioni miguu yake ilivimba hata alama ya kidole ikabaki juu ya ngozi.

"Sheria hainiruhusu kumkata mshahara mtu asiye na mshahara," alisema hakimu. "Leo ni Alhamisi. Nakupa wiki mbili. Tarishi wangu akimpata na kumkabidhi hati hii mkononi, nitakuwa na la kufanya. Asipopatikana kufikia Alhamisi hiyo ya pili, nitalifunga jalada."

"Likishafungwa hufunguliwa tena, mheshimiwa?"

"Hufunguliwa," alijibu hakimu, akiweka kalamu chini. "Sijaona yakifunguliwa mengi."

Ukweli wa jambo hili haukuwa siri kwa mtu yeyote ndani ya kiwanda. Baba wa mtoto, ambaye wenzake walimpa jina la Msafi kwa sababu ya vile viatu, alikuwa na mdogo wake aliyeajiriwa hapo hapo kwa namba kumi na saba. Mdogo huyo aliondoka siku moja kwenda kutafuta maisha mbali, pasipo kuaga wala kuandika, na karani wa mishahara hakulifuta jina lake, kwa kuwa alijua njia ya kuutumia mshahara usio na mwenyewe. Amri ya mahakama ilipokwisha kumkata miezi miwili, Msafi na karani waliketi faraghani mchana mmoja. Siku ya Ijumaa Msafi akatia sahihi barua ya kuacha kazi. Jumatatu akaingia kwa namba kumi na saba, akiitika kwa jina la mdogo wake, na sehemu ya tano ya mshahara ikawa ya karani.

Mnyapara alijua. Wafunga magunia walijua. Walilichukulia kuwa mzaha wa wanaume kazini.

"Kumi na Saba, umerudi ujana," walimwambia. "Umepungua miaka sita kwa Jumapili moja. Tupe dawa na sisi."

"Dawa ni kutozaa," alijibu, nao wakacheka wakipiga magunia kwa viganja.

Hawakuwa watu wabaya. Kama wangalikuwa wabaya, huenda mmoja wao angaliogopa.

Jumatatu jioni mshonaji alisimama nje ya geti la kiwanda. Vihenge vinne vya bati vilipanda juu ya ukuta, vyeupe kwa vumbi, na ardhi ilitetema polepole chini ya nyayo zake, kwa maana mitambo haikuzimwa isipokuwa saa ya chakula cha mchana na Jumapili. Majani ya ua wote yalikuwa yamefunikwa na unga. Alisimama hadi king'ora kikalia, na Msafi akatoka akiwa na mfunga magunia mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakunyamaza tangu asubuhi hadi anapolala.

"Baba mtoto," mshonaji alisema. "Nimekuja kwa jambo moja tu."

Msafi alimtazama kama mtu anavyomtazama anayeuza kitu asichokihitaji. "Dada, umenifananisha."

"Miguu imeanza kumvimba. Jioni havai viatu."

Kitu kilijongea usoni mwa Msafi, kisha kikatulia mahali pake. "Pole. Mwambie baba yake."

"Ninamwambia."

"Umemfananisha mtu na kaka yake. Tunafanana mno. Hata mama yetu alikuwa anatuchanganya."

Redio aliona ni zamu yake. "Shemeji, huyu ndiye yule mdogo. Mkubwa alishajiondokea zamani. Ukimwona na sisi tupe habari, aliondoka na kofia yangu."

"Na wewe unajua ninachokisema."

"Mimi najua magunia, shemeji. Hayo mengine yana wenyewe."

Msafi alikuwa ameshainama. Alipangusa kiatu cha kulia, akapangusa cha kushoto, akakunja kitambaa mara nne na kukirudisha mfukoni, kisha akaondoka pasipo kugeuka. Mshonaji alibaki amesimama hadi mlinzi alipomwambia, kwa upole wa mtu aliyeamriwa kutokuwa mpole, kwamba hapo si mahali pa kupumzikia.

Tarishi wa mahakama alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alizibeba hati ndani ya shati, zikishika jasho lake, na katika maisha yake alikuwa amewakabidhi watu waliojificha chini ya vitanda, ndani ya vyoo, na mmoja ndani ya jeneza lililokuwa dukani likingoja mnunuzi.

"Yule alinikasirikia," alimweleza mshonaji. "Aliniambia nimemvunjia heshima ya marehemu."

"Na huyu wangu utampata?"

"Nitampata. Lakini nikuambie jambo, mama. Mtu anayeikimbia karatasi hachagui pa kukimbilia. Huingia popote. Ndiyo maana mimi huwa sikimbizi, hungoja tu." Akafikiri kidogo. "Twende Alhamisi, saa ya chakula. Mitambo ikiwa imezimwa, watu wote huwa uani."

Wakafika Alhamisi, saa saba kasoro dakika ishirini. Mlinzi akapiga simu ndani, na kabla geti halijafunguliwa wazi, karani wa mishahara alikuwa ameshatoka, kalamu sikioni, uso wake umejaa makaribisho.

"Karibu, mzee. Karibu sana. Tungejua mnakuja tungetenga hata viti."

Nyuma ya rundo la magunia, Redio aliona shati la khaki na bahasha ndefu. Akamgusa Msafi kwa kiwiko. "Karatasi yako imekuja na miguu yake. Pita nyuma, upesi."

Palikuwa na pengo katika ua, nyuma ya kihenge cha nne, ambapo wafanyakazi walizoea kupenya wanapotaka kuondoka kabla ya saa. Ndiyo njia waliyokwisha kuiafiki tangu ile jioni ya Jumatatu. Msafi aliinama akaenda, na Redio akarudi kuketi, akimhesabu mwenzake kuwa ameshafika barabarani. Hakujua kwamba mchana huo lori lililojaa nafaka lilirudishwa kinyumenyume hadi likaugusa ua, likingoja kushusha, wala halikuacha upenyo wa kupita hata mbuzi. Msafi alilikuta hapo. Kulia kwake ulikuwa uwanja, na sauti ya tarishi ikisogea. Kushoto kwake palikuwa na mfuniko wa chuma wa handaki, ulioachwa wazi tangu saa ya usafi.

Akateremka.

Handaki lile lilipita chini ya vihenge vyote vinne. Ndani yake ulilala chuma kirefu kilichopindwa kama parafujo, kipana kama mapaja ya mtu, ambacho huzunguka na kuisukuma nafaka hadi kwenye vinu. Kando yake palikuwa na nafasi ya mtu kulala, lakini si nafasi ya kugeuka.

Kwa sababu ya handaki hilo kiwanda kilikuwa na kanuni moja iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa, tangu mtu mmoja alipoachwa humo zamani. Kabla ya kuwasha mtambo, mnyapara husimama penye swichi na kuita namba za wafanyakazi, moja baada ya nyingine, na kila mmoja hujibu kwa kinywa chake mwenyewe: niko juu. Namba moja ikikosa jibu, swichi haiguswi. Walakini aliyekufa humo hakukumbukwa tena na mtu yeyote kwa uso wake, na watu walikuwa wamezoea kujibiana. Mmoja akiwa msalani, mwenzake humjibia. Mwingine akichelewa kurudi, mwenzake humjibia. Mnyapara husikia kama asiyesikia, maana magari yanangoja unga.

Mlangoni pa ukumbi wa mitambo, tarishi alikuwa akitazama kitabu ambacho karani alimfunulia kwa furaha.

"Uliyekuja kumtafuta alifutwa hapa, mzee. Ona mstari mwekundu. Ona tarehe."

"Naona. Na huyu namba kumi na saba?"

"Huyo ni mdogo wake. Yupo."

"Ningependa kumwona."

"Utamwona, lakini kwanza utamsikia. Wanaitwa sasa hivi." Karani aligeuza shingo kuelekea penye swichi, na yeye na mnyapara wakatazamana kwa muda ambao mtu angeweza kumeza mate.

Mnyapara alianza kuita. Sauti zilijibu kutoka pande zote za ukumbi, nyingine kavu, nyingine zikiwa bado na chakula mdomoni. Niko juu. Niko juu. Vumbi la asubuhi lilikuwa bado hewani, na mtu aliye hatua ishirini alionekana kama kivuli tu.

"Kumi na sita."

"Niko juu."

"Kumi na saba."

Redio aliliona shati la khaki, akaiona penseli ya tarishi imesimama juu ya karatasi, akawaza kwamba rafiki yake yuko barabarani salama na kwamba neno moja litayamaliza haya yote. Akaishusha sauti, akaikaza.

"Niko juu."

"Huyo siye," alisema mshonaji.

Karani alitabasamu. "Mama, umesikia kwa masikio yako mwenyewe."

"Nimesikia. Hiyo ni sauti ya yule aliyenicheka getini. Kumi na saba hajajibu."

Mnyapara naye alikuwa amesikia. Alikuwa amewaita watu wale kwa miaka kumi na mmoja, na hapakuwa na koo ambalo sauti yake hakuijua. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi, ukasimama. Akamtazama karani. Karani akamtazama tarishi, akarudisha macho kwa mnyapara. Kusema kwamba namba kumi na saba hakujibu ilikuwa ni kuulizwa, mbele ya mtu wa mahakama, kumi na saba ni nani na yuko wapi.

"Kumi na nane," mnyapara akaita.

"Niko juu."

Mshonaji aliondoka mahali aliposimama. Alivuka ukumbi akiyaruka magunia, huku namba zikiendelea kuitwa, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, naye akawa anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko, "Mzee, usiwashe. Mmoja hajajibu. Usiwashe kwanza."

"Mama, toka hapo. Hapo ni mahali pa hatari."

"Ndiyo ninayokuambia mimi."

"Hesabu imetimia," karani alisema kutoka mlangoni. "Ishirini na sita wameitwa, ishirini na sita wamejibu. Magari yanangoja."

Mnyapara akawasha.

Ardhi ilianza kutetema chini ya miguu yao kama ilivyotetema siku zote. Chuma kilizunguka mara mbili, labda mara tatu, kwa mngurumo ule ule uliozoeleka. Kisha mngurumo ukabadilika, ukawa mzito, kama mkokoteni uliokuta kitu njiani na kukataa kusimama, na kutoka chini ya sakafu ikatoka sauti ya mtu, ambayo kila mmoja aliijua, ila hakuna aliyewahi kuisikia ikitumika hivyo.

Aliyeelewa kwanza alikuwa Redio. "Nilimjibia," alisema, akimtazama mmoja kisha mwingine. "Mimi nilimjibia. Nilidhani ameshapita." Mnyapara alikuwa ameshaizima swichi, lakini chuma kilichobebeshwa nafaka ya vihenge vinne hakisimami mara kinapoamriwa.

Ilichukua saa nzima kumtoa. Alitoka hai. Mguu wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini, haukuwa tena mguu. Tarishi alisimama karibu na machela akiwa na bahasha mkononi. Akamwinamia, akasema maneno fulani kwa upole, akangoja jibu, kisha akairudisha bahasha ndani ya shati.

"Hati hukabidhiwa mtu mwenye fahamu," alimwambia mshonaji. "Bado tuna wiki moja."

Mshonaji alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na unga, kwa sababu yeye ndiye aliyekishika kichwa cha Msafi walipokuwa wakimtoa.

Siku ya tano baada ya mguu kukatwa, karani wa mishahara alikwenda wodini. Alileta maji ya matunda, akaketi, akayapigapiga magoti yake kwa viganja.

"Nisikilize, maana nitasema mara moja. Bima inamlipa namba kumi na saba. Wewe huna bima. Wewe uliacha kazi kwa sahihi yako. Ukisema wewe ni wewe, basi uliingia kiwandani kama mwizi, na mguu umeukata mwenyewe. Mimi nakwenda ndani, mnyapara anakwenda ndani, na wewe unatufuata kwa magongo."

"Na nikisema mimi ni yeye?"

"Unalipwa mguu. Na kila mwezi unalipwa kitu, hadi ufe."

"Hadi nife nikiwa yeye."

"Jina ni jina tu, ndugu yangu. Umelizoea."

"Akirudi mwenyewe?"

"Akirudi nitazungumza naye. Nimeshazungumza na wengi."

Msafi aliugeuzia ukuta uso wake. Viatu vyake viwili vilikuwa chini ya kitanda. Muuguzi, kwa kutojua, alikuwa amevipanga vyote viwili.

Mshonaji naye hakukaa. Alikwenda kwa mnyapara, akamkuta nyumbani kwake akitengeneza mlango. Mnyapara alimsikiliza hadi mwisho, akiwa na misumari mdomoni, kisha akaitoa mmoja mmoja.

"Dada yangu, nina watoto watano."

"Mimi nina mmoja."

"Basi unaelewa," alisema, akarudi kupiga nyundo.

Mshonaji alipokwenda chumbani kwa Redio alikuta kufuli, na jirani akasema kwamba bwana huyo aliondoka Ijumaa na begi moja, tena alikuwa kimya.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Siku hiyo hiyo ilikuwa ya kliniki ya sindano katika hospitali ile ile, na mshonaji alikuwa ameuza kitambaa cha sare ambacho hakikuwa chake ili apate nauli. Alimchukua binti. Tarishi aliwakuta mlangoni pa wodi.

"Nikueleze yatakavyokuwa," alisema. "Nitamwuliza jina lake. Akilitaja lake, nampa hati, na hakimu atakata hata kwenye fidia ya mguu. Akilitaja la mwingine, sina mtu wa kumpa, na saa kumi jalada linafungwa. Kanuni inaniruhusu kuuliza mara tatu."

"Wewe mwenyewe unamjua."

"Ninamjua, mama. Sikutumwa kuandika ninachokijua."

Karani wa mishahara alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, fomu ya bima juu ya goti. Aliwasalimu wote kwa adabu. Binti alisimama karibu na sketi ya mama yake. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa hajamwona baba yake, naye alimtazama kwanza usoni, kisha mahali ambapo shuka lilikuwa tambarare. Msafi alimtazama binti miguu. Alikuwa amevaa kandambili za mama yake, kwa sababu ndizo pekee zilizomwingia.

"Bwana," alisema tarishi, "nimetumwa na mahakama. Naomba unitajie jina lako kamili."

Msafi akalitaja jina la mdogo wake.

"Nitauliza tena. Jina lako kamili."

Akalitaja tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Hii ni mara ya tatu, bwana, nayo ni ya mwisho. Ukihitaji kufikiri, fikiri. Mimi huwa nangoja."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kutafuna. Binti alikuwa anapumua kwa mdomo, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyetoka kukimbia, ingawa alikuwa amesimama tu. Msafi alizisikia pumzi zile. Kila mtu alizisikia. Akayafumba macho na kulitaja jina la mdogo wake kwa mara ya tatu, jina lote, pamoja na la babu.

"Mama," binti alisema, "huyu si baba?"

Mshonaji alimtazama mtu aliyelala kitandani. Alimtazama kwa muda mrefu, pasipo chuki yoyote iliyoonekana, kama anavyoupima mshonaji mwili wa mtu kabla ya kukata kitambaa.

"Umemsikia mwenyewe," alisema. "Huyu ni baba yako mdogo. Mwamkie."

Binti akasita. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba mdogo."

Midomo ya Msafi ilijaribu mara moja ikashindwa, ikajaribu tena.

"Marahaba."

"Haya, tumalizie na yetu," alisema karani wa mishahara, akiipapasa fomu itulie. "Hapa wanauliza mke."

"Sina."

"Watoto?"

Msafi alilivuta shuka hadi kifuani.

"Kumi na Saba, nauliza watoto. Ni sehemu ya mwisho."

"Andika hakuna."

Tarishi aliigeuza hati, akaiegemeza ukutani, akaandika nyuma yake kwamba aliyetafutwa hakupatikana. Aliandika taratibu kuliko kazi ilivyohitaji. Akampa mshonaji kalamu aweke sahihi ya kuwa ameona. Mshonaji akaweka.

Kutoka wodi ile hadi chumba cha sindano palikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi matatu. Mama na binti walikwenda wameshikana mikono, na mama alikuwa anahesabu moyoni: miezi miwili iliyokosekana, leo sindano moja, na mwezi ujao kitambaa cha kuuza hakitakuwapo. Binti aliomba kupumzika kwenye benchi la kwanza. Wakapumzika. Akaomba tena kwenye la pili, naye mama akamfungua kifungo cha shingoni. Walipolifikia la tatu hakuomba. Aliketi tu, akaegemea ukuta, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, hata muuguzi aliyekuwa akipita upande wa pili akasimama, akamtazama, kisha akageuka kwenda kuleta kitanda cha magurudumu pasipo mtu yeyote kumwita.